Kidonge Kimoja na Nusu

Jumatatu ya tarehe kumi na nne Machi, mwaka 1955, Semeni binti Hatibu aliosha kikaango chake cha vitumbua, akakifunika kwa ungo, akajitanda kanga na kutembea kutoka Ngamiani mpaka hospitali ya Tanga, kopo tupu la poda mkononi. Kopo lile ndilo alilotilia vidonge vyake. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Saa nne mgawa dawa, mtu wa Maramba aitwaye Fanueli, alimwita dirishani, akafungua daftari na kumwambia kuwa amekuja tena siku kumi kabla ya siku yake.

"Siku zangu thelathini zimekwisha," Semeni alisema.

"Zako zimekwisha, Mama Chiku. Za hospitali bado."

Fanueli hakusema hivyo kwa kejeli. Alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, kuwa nyumba ya Semeni ilikuwa inakwenda mbio tangu Januari.

Jambo lenyewe lilianza na rovu. Semeni alikaa nalo shingoni miaka kumi na minane, na mwishoni mwa mwaka 1954 lilikatwa. Daktari aliyelikata alimweleza kuwa kile kilichokuwa kikiuendesha mwili wake kimetoka pamoja na rovu, na kuanzia hapo mwili utaendeshwa kwa vidonge. Ameze viwili kila aamkapo, kabla ya chai. Baada ya kusema hayo daktari yule alihamishiwa bara, na Semeni akarudi nyumbani na kovu jekundu na vidonge sitini, vya mwezi wa kwanza.

Viwili vilikuwa vingi. Moyo ulimdunda, viganja vikamtoka jasho, usingizi ukawa mfupi, na nyumba ikaufuata mwili. Tangu kuamka mpaka kulala alisikia adhana tatu tu, maana siku za ndani zilikwisha kabla za nje hazijafika magharibi. Kuku wake aliatamia mayai, na vifaranga vikatoka siku ya kumi na nne kwa hesabu ya mtaa. Majirani walikuja alfajiri kununua vitumbua wakakuta vimeshapoa. Walisema haraka haraka haina baraka, na vitumbua wakanunua. Kila aliyeingia ndani alikwenda kwa mwendo wa nyumba, na akitoka aliuacha mlangoni. Semeni alijaribu kulala kwa dada yake juma moja. Nyumba ya dada nayo ikashika mbio, ile yake ikatulia, basi akarudi kwake asimsumbue mtu.

Daktari mpya aliitwa Hemsli. Alikaa Raskazone, alikuja kazini kwa baiskeli, na alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili wa serikali, akawa anakisema kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu, na kwenye hesabu hakukosea hata siku moja.

"Vidonge sitini kwa siku ishirini," alisema. "Umemeza vitatu kila siku."

"Nimemeza viwili kila nilipoamka, Bwana Daktari."

"Uliamka mara ngapi?"

"Mara thelathini."

"Katika siku ishirini?"

"Ndiyo, Bwana Daktari. Ndiyo maana nimekuja. Viwili ni vingi. Lakini usiniteremshe mpaka kimoja, kitakuwa kichache. Nipe kimoja na nusu."

Daktari Hemsli aliweka kalamu chini akamtazama, akataka kujua ni nani aliyemfundisha. Semeni alijibu kuwa shingo ni yake na nyumba ni yake. Daktari akafungua kitabu, akafuata mstari kwa kidole, akaandika kwenye jalada kuwa mgonjwa anakula dawa kama njugu na apewe kidonge kimoja. Fanueli alihesabu thelathini kwa ncha ya kisu juu ya sahani, akavimimina koponi.

Kimoja kilikuwa kichache, kama alivyosema. Sauti ilikwama, uso ukamvimba, alisikia baridi jua la adhuhuri likiwaka, na nyumba ikapunguza mwendo. Sasa tangu kuamka mpaka kulala alisikia adhana saba, na baadaye nane. Mwanga wa dirishani uliondoka kabla sufuria halijachemka. Katika siku thelathini za mtaa aliamka mara ishirini tu, na Aprili alipokwenda hospitali koponi mlikuwa na vidonge kumi.

"Hukumeza," Daktari Hemsli alisema.

"Sikumeza kwa sababu sikuamka. Hizo siku kumi hazikufika kwangu."

"Dawa imebaki, maana yake hukumeza. Siwezi kumwongezea dawa mtu asiyemeza dawa." Akavichukua vile kumi, akavirudisha kwenye chupa kubwa, akaandika tena kidonge kimoja.

Hapo Semeni alikasirika, na hasira yenyewe ilimjia polepole kwa sababu ya ugonjwa, hata ikafika wakati yuko njiani karibu na reli. Alirudi. Alimkuta daktari anapanda baiskeli, akamwambia, "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Daktari alimshukuru, akatoa kijitabu mfukoni na kuandika. Baada ya siku chache watu wa afya walikuja na mabomba ya dawa, wakapuliza vyumba vyote vitatu pasipokuwa na kunguni hata mmoja, na walipotoka walikuta gari lao limeshaondoka na siku yao ya kazi imekatwa.

Ramadhani ya mwaka ule ilimletea Semeni wageni. Mfungo ndani ya nyumba yake ulikuwa wa saa tisa tu, na majirani wanne wenye vidonda vya tumbo na wengine saba wasio na vidonda vyovyote walianza kuja kumjulia hali kila baada ya sala ya adhuhuri. Walikaa kwenye mkeka kwa adabu, wakamuuliza habari za kovu, na magharibi ikawakuta hata hawajamaliza kusengenya mtu mmoja. Imamu aliulizwa. Alisema kumzuru mgonjwa ni sunna, na yeye mwenyewe akaja mara mbili.

Kwa hiyo usidhani kuwa nyumba ile ilichukiwa. Mambo yalianza kuwa mabaya alipokuja Chiku.

Chiku alikuwa mwana wa pekee wa Semeni, ameolewa Mwera upande wa Pangani, na mumewe Uweso alikuwa mkausha mbata. Mimba ilikuwa ya kwanza, na mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama. Hakuna aliyebishana na hilo. Uweso alijua habari za nyumba, mama yake Uweso alijua, kondakta wa basi alijua. Lakini kumwacha mwanamke ajifungue mimba ya kwanza ukweni ni kuiambia dunia nzima kuwa kwao hakuna mtu. Mwanzoni mwa Juni Uweso alimleta mkewe, mimba ya miezi saba, na mkungu wa ndizi mbichi, akarudi Mwera kusubiri miezi miwili.

Miezi miwili ikapita Mwera. Kwa Semeni zile ndizi zilikuwa ndiyo kwanza zimeiva.

Mwili ukikosa dawa hauishii pale ulipofika, unazidi kuzama, na nyumba ilizama nao. Kufika Agosti, saa moja ya ndani ilikuwa saa nne za mtaani. Mwezi huo kaka yake Semeni, Safari, alifariki alfajiri katika barabara ya pili kutoka pale. Mjumbe alibisha hodi. Semeni alimwitikia, akalia, akatawadha, akatafuta kanga nyeusi, akafunga mlango na kukimbia kadiri miguu ilivyomruhusu. Alipofika, jeneza lilikuwa limeshatoka na wanaume walikuwa wanarudi makaburini na udongo miguuni. Uso wa kaka yake hakuuona. Aliketi na wanawake wenzake akalia kwa uchungu usio na mfano, na aliporudi nyumbani alimlaumu mtu mmoja tu, naye hakuwa Mungu.

Mwanzoni mwa Oktoba alikuja Mwatumu, mama yake Uweso, na mtandio wa hariri na hasira. Hakuvua viatu.

"Mkwe mwenzangu, nieleze," alisema. "Mwanangu kaleta mke wa miezi saba. Leo ni miezi minne tangu hapo. Saba na nne ni ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na mtoto yuko wapi?"

"Bado. Chiku kalala hapa mara arobaini na tano tu tangu aje. Mimba yake ni ya miezi minane na nusu. Keti, uishike mwenyewe."

"Nikikaa humu nitakosa basi. Nyumba yako naijua, wallahi naijua. Lakini Mwera kuna midomo, na midomo haiji Tanga kuitazama nyumba. Wanasema ile mimba ya Mwera ilitoka, na hii ni nyingine, ya huku huku."

Chiku alikuwa chumbani anasikia yote. Alitoka amejishika kiuno, akamwamkia mkwewe shikamoo, akapiga magoti kumshika miguu, na Mwatumu, ambaye hakuwa na moyo wa jiwe, alitoa machozi. Lakini machozi hayakubadili alichokuwa amekijia. Walikwenda kwa Kadhi wote watatu, na Uweso akawakuta huko.

Kadhi alisikiliza akiwa anachezea tasbihi. Aliuliza swali moja tu: binti alikaa wapi muda huo wote? Alipoambiwa kwa Bi Semeni wa vitumbua, alitikisa kichwa, akaagiza kitabu, akakifungua bila kutafuta sana.

"Mimba fupi kabisa ni miezi sita," alisema. "Ndefu kabisa ni miaka minne. Hii ya miezi kumi na moja hata jasho haijatoka. Binti huyu ni msafi na mtoto ni wa Uweso, na atakayesema vingine aje hapa aniletee mashahidi wanne."

Semeni alishukuru. Alifikiri moyoni kuwa kitabu cha Kadhi kiliandikwa na watu waliowahi kukaa na wanawake.

"Ila," Kadhi aliendelea, "talaka iko kinywani mwa mume, na kinywa cha mtu sina kamba ya kukifunga. Uweso, unasemaje?"

Uweso alitazama miguu yake. Alikuwa anampenda mkewe, na alikuwa anamwogopa mama yake, na mambo hayo mawili yalikuwa yamekaa ndani yake muda mrefu bila kugombana. Mama yake akamjibia. "Tutangoja mpaka Maulidi," alisema. "Mwezi unaandama siku chache zijazo. Maulidi ikipita bila mtoto, achukue vyake."

Siku ya Kadhi ilikuwa Jumamosi. Jumatatu, tarehe kumi Oktoba, Semeni alimchukua Chiku wakaenda hospitali. Hakwenda kuomba. Alikwenda na ushahidi ambao haungeweza kumiminwa kwenye chupa.

"Bwana Daktari," alisema, "huyu ni mwanangu. Alikuja kwangu Juni, mimba ya miezi saba. Waulize watu wa Mwera, muulize Kadhi, muulize kondakta wa basi. Sasa mpime."

Daktari Hemsli alimpima Chiku vizuri, kwa mikono ya upole na utepe. Alisikiliza tumbo kwa chombo cha mti. Alinawa mikono, akasema, "Miezi minane na nusu. Mtoto ni mzima. Atazaliwa baada ya siku kumi na tano, labda ishirini."

"Ndivyo. Sasa hesabu, tangu Juni."

"Binti yako alikosea kuhesabu, Bibi Semeni. Wanawake wengi hapa wanakosea kuhesabu."

"Hakukosea. Hii ni kazi ya kidonge chako. Nyumba imelala. Niongezee nusu, niamke, mjukuu wangu azaliwe kabla ya Maulidi, mwanangu asiachike. Sikuombi kingine."

Daktari alinyoosha mkono kuomba kopo. Mlikuwa na vidonge ishirini na viwili. Alivipanga mezani viwiliviwili, polepole, kama mtu anayemwonea huruma mwenzake.

"Vinane tu umemeza mwezi mzima," alisema. "Uso umevimba, sauti imekauka. Mimi naona. Wewe ni mgonjwa kwa sababu humezi. Ningekuongezea, ungebakisha zaidi." Akavimimina kwenye chupa.

Semeni aliinuka. Kwa sauti yake iliyokauka alimwambia mambo ambayo Chiku hakuwahi kumsikia mama yake akimwambia mtu mzima, na mengine yalikuwa ya Kidigo. Daktari alisubiri amalize, akaandika kidonge kimoja, na tarehe ya kurudi, siku thelathini.

Dirishani Fanueli alihesabu thelathini kwa ncha ya kisu. Alihesabu taratibu kuliko desturi yake, na bila kuinua macho akasema, "Mama Chiku, mimi nimefanya naye kazi miezi minane. Yule bwana hahesabu siku wala hahesabu watu. Anahesabu vidonge."

"Nimeona."

"Thelathini ni vyako. Hakuna anayekuja kwako kuangalia unavyoamka."

Semeni alibeba kopo lake. Walipofika nyumbani alimwaga vidonge kwenye sinia la kuchambulia mchele akavitazama. Kimoja na nusu kwa siku ya mtaa, thelathini vitakwenda siku ishirini. Baada ya hapo siku kumi bila hata kimoja, na alivyoujua mwili wake, katika siku hizo nyumba ingekaribia kusimama kabisa. Mtoto akizaliwa kabla ya Maulidi kupita, Chiku ana mume. Akichelewa hata siku mbili, Maulidi imeshapita, na ataingia kwenye zile kumi, ambako mwezi ungeisha huku yeye Semeni akifunga mkanda wa kanga. Maulidi ilikuwa siku kumi na tisa mbele.

"Mama, na ukizidisha, moyo?" Chiku aliuliza.

"Moyo wangu nishauona ukipigwa viwili, haukufa. Kimoja na nusu nakijua kabla sijakimeza. Lete kisu cha vitunguu."

Alivikata nusu kwa nusu mwenyewe, na havikumwagika hata unga. Mara hii hakungoja kuamka: kila adhana ya alfajiri ya mtaa ilipolia, alimeza. Siku ya kwanza ya ndani alihesabu adhana kumi na tisa. Siku ya pili kumi na mbili. Siku ya tatu aliamka akasikia joto la kawaida, akavua sweta, akasikia nane. Siku ya nne alikaa ukumbini na ungo wa mchele, akahesabu alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Tano. Akaenda kulala, na mtaa nao ukaenda kulala.

Ukitaka kujua furaha, ilikuwa ile. Semeni aliipata nyumba yake ikiwa sawasawa na dunia, akafanya mambo ambayo wengine huyafanya bila kuyaona. Aliuza vitumbua vya moto. Alikwenda barabara ya pili kumpa pole wifi yake na akarudi saa ileile aliyosema atarudi. Majirani walipita kumpongeza, ijapokuwa wale kumi na mmoja wa Ramadhani walimuuliza, kwa kuzungukazunguka, kama mwakani bado atakuwa mzima hivi.

Kila asubuhi alimeza kimoja na nusu na kutazama kopo likipungua. Hakuwa na wasiwasi. Mwoga ni yule asiyejua, na yeye alijua.

Usiku wa kuamkia Maulidi ngoma za maandamano zilisikika kutoka uwanjani, na Chiku akashikwa na uchungu. Mkunga alikuja. Mwatumu naye alikuwa amekuja tangu jana yake, akisema amekuja kwa ajili ya Maulidi tu, na ameketi ukumbini na viatu vyake miguuni. Uchungu ulikwenda kwa mwendo wa uchungu, haukukimbia wala haukulala. Asubuhi, watu wanarudi na mafuta mazuri ya udi kwenye nguo, mtoto alizaliwa, wa kike, mzima, mwenye nywele nyingi. Koponi mlibaki kidonge kimoja na nusu.

Mwatumu alivua viatu. Alimshika mtoto, akamgeuza huku na huku, akamtazama masikio, na masikio yalikuwa ya Uweso matupu, yamesimama kama mishikio ya sufuria. "Alhamdulillahi," alisema. "Miezi kumi na mbili, naye kaja na nywele za miezi tisa." Wakamwita Asmahani.

Siku ya ishirini Semeni alimeza kile cha mwisho na nusu yake. Siku ya ishirini na moja aliamka hana kitu. Alijua kinachokuja. Mzazi wa kwanza hukaa arobaini kwa mama yake, hukandwa na maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na mama hupata siku arobaini za kumbeba mjukuu kabla ya ukweni hawajamchukua. Semeni alikuwa amezisubiri siku hizo kuliko alivyosubiri kupona. Lakini arobaini ndani ya nyumba iliyolala zingekuwa miezi mitano Mwera, na midomo ya Mwera ilikuwa palepale.

Siku ya saba ya mtoto, akika ilipokwisha, alimwita Mwatumu pembeni. "Wachukue," alisema. "Mkande wewe. Asikandwe kwa maji ya vuguvugu, mwanangu ana mifupa mizito. Pilipili manga usiionee choyo."

"Mkwe mwenzangu, mila haisemi hivyo."

"Mila haikukatwa shingo."

Basi liliondoka saa tisa. Semeni alisimama barabarani mpaka vumbi likatua, akaumia kama mtu aliyeumwa na jino, akaingia ndani, na alipofunga mlango kulikuwa kumekucha.

Tarehe tisa Novemba ilikuwa siku yake ya hospitali. Alifika tarehe kumi na mbili, amevimba kidogo, na kopo tupu. Daktari Hemsli alilipindua kopo juu ya meza. Hakikuanguka kitu. Alitabasamu, na Semeni aliona kuwa ana meno mazuri, maana ilikuwa mara ya kwanza kuyaona.

"Unaona?" alisema. "Umemeza vyote thelathini. Na binti?"

"Kazaa tarehe ishirini na tisa."

"Baada ya siku kumi na tisa. Nilisema kumi na tano, labda ishirini." Akaandika.

"Bwana Daktari, nitakwambia kweli, kwa kuwa mimi si mtu wa kuficha. Nilimeza kimoja na nusu. Siku ishirini nilikuwa mzima, nyumba ikawa nzima. Vikaisha. Siku kumi na tatu sasa sina kitu, na ndiyo hii hali yangu. Andika kimoja na nusu."

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alimweleza, kwa Kiswahili kisicho na kosa hata moja, kuwa vidonge thelathini kwa siku thelathini ni kidonge kimoja kwa siku, na kopo tupu ni ushahidi bora kuliko kumbukumbu ya mgonjwa. Dawa ikibaki, mgonjwa hamezi, kwa hiyo haongezewi. Dawa isipobaki, inatosha, kwa hiyo haongezewi. Semeni alitafuta mahali pa kupenya katika maneno yale, hakupaona. Yalikuwa yamefungwa pande zote, na yeye alikuwa nje.

Alichukua thelathini vyake, akavikata mwenyewe, akapanga maisha. Siku ishirini za kila mwezi alikuwa mtu kamili, na katika hizo aliweka safari za Mwera, harusi, na kulipa pole. Kumi alilala, na dunia ikampita. Ndugu zake waliombwa wasife katika hizo kumi, wakaahidi kujitahidi. Asmahani alipoota jino la kwanza Semeni alikuwepo. Alipokaa mwenyewe bila kushikwa, hakuwepo, alihadithiwa.

Daktari Hemsli naye alifurahi sana na jalada lile, hata akaliazima kwa kazi nyingine. Alikuwa na wanawake wengi waliokatwa rovu, hasa wa upande wa milimani, na kila mmoja alikuwa na lalamiko lake, huyu viwili, yule kimoja na robo. Mwezi wa Desemba aliandika karatasi ikabandikwa ukutani karibu na dirisha la dawa. Ilisema kuwa imethibitika kwa mgonjwa wa Ngamiani kwamba kidonge kimoja kwa siku, kikimezwa kwa uaminifu, kinatosha. Kuanzia hapo wote wapewe kimoja.

Ijumaa moja ya Januari, Semeni akiwa katika siku zake njema, alipita dirisha la dawa kumsalimu Fanueli, akakuta benchi limejaa. Walikuwa wanawake watano, jua linachoma bati, nao wamejifunika mablanketi. Kila mmoja alikuwa na kovu. Mmoja, mwenye msalaba mdogo kifuani na uso uliovimba, alikuwa anasinzia amekumbatia chupa yake ya vidonge, na ndani ya chupa mlikuwa na vingi.

Fanueli alitoka chumba cha dawa akamwona, akasimama. "Shikamoo, mama," alisema. "Nilikungoja Jumanne. Nilikwenda stesheni mara mbili."

Elizabeti, mama yake Fanueli, alifungua macho. "Marahaba, mwanangu," alisema kwa sauti iliyokauka. "Si ndiyo leo Jumanne?"

Semeni alisogea ubavuni pa yule mama, akamfunika blanketi lililoteleza begani. "Leo Ijumaa, dada yangu," alimwambia. "Nyumba yako imelala. Hujakosea kuhesabu."

"Nilijua sijakosea," Elizabeti alisema.

Mlango wa daktari ulifunguliwa, chupa ya Elizabeti ikaingia, vidonge vikahesabiwa viwiliviwili, karatasi ikatoka. Fanueli aliisoma: kidonge kimoja kwa siku. Aliingia chumba cha dawa, akachukua sahani na kisu chake, akamhesabia mama yake vidonge thelathini.